Tusiwanyamazishe watoto wodini

Miaka kadhaa iliyopita nilishinda siku tisa katika wodi ya watoto ya hospitali moja kusini mwa Nyanza, nikimsaidia dada yangu kumuuguza bintiye wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa ameletwa kutoka kijijini, katikati ya mashamba ya miwa ya Awendo, akiwa na homa kali na degedege. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Kwa siku mbili hakujitambua. Madaktari na wauguzi walifanya kazi yao kwa bidii: walimtia dawa mishipani, wakamwongeza damu, wakamlinda usiku na mchana. Siku ya tatu alifungua macho, nasi sote tukamshukuru Mungu.

Alifungua macho, lakini kinywa hakukifungua. Homa ilishuka, akaanza kunywa uji, akaweza kuketi. Katika karatasi yake ikaandikwa kwamba anaendelea vyema. Hata hivyo, neno hata moja halikumtoka. Mimi ninayelipwa mshahara kwa kuwafundisha vijana jinsi lugha inavyojengeka akilini mwa binadamu, nilikaa pale na shahada yangu ya uzamifu nisijue la kutenda.

Aliyejua ni nyanya yake. Siku ya tano aliwasili Dani, kama Waluo wanavyomwita nyanya. Hakuuliza habari za karatasi. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mjukuu wake, akaanza kuimba kwa sauti ya chini mchezo wa kuhesabu vidole, kimoja kimoja, kwa lugha ya Dholuo. Aliurudia mara kumi, mara ishirini. Kila alipofika kidole cha mwisho alinyamaza kidogo, akangoja. Jioni ile kidole chenyewe kilitikisika. Asubuhi iliyofuata, Dani aliponyamaza, mtoto alitoa silabi moja: ile ya mwisho ya wimbo. Katika kazi yangu nimesikiliza sauti za watoto wengi zilizonaswa katika kanda, lakini silabi iliyonitoa machozi ni hiyo moja tu.

Haikupita saa moja, muuguzi akaja. "Mama," akasema kwa adabu, "hapa ni hospitali. Tafadhali tunyamaze, wagonjwa wanapumzika." Dani akanyamaza. Wodi nzima ikarejea katika kimya chake, watoto zaidi ya ishirini wamelala wakitazama dari.

Simlaumu muuguzi huyo. Alikuwa peke yake katika zamu ile, na alitenda kama alivyofunzwa. Ninachokilaumu ni fikira iliyotukaa vichwani kwamba wodi njema ni wodi kimya, na kwamba nyimbo na michezo ni mambo ya kungojea hadi mtoto apone arudi nyumbani. Maoni yangu ni kwamba nyimbo na michezo ni sehemu ya matibabu yenyewe. Yapasa viwekewe saa yake, mahali pake na mtu wa kuvisimamia, kama inavyofanywa kwa dawa na chakula.

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni maneno ya mjomba aliyeingiwa na huruma. La hasha. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa madaktari kuhusu matibabu ya watoto wenye utapiamlo mkali. Mwongozo huo unaeleza kiasi cha maziwa, dawa na madini anachostahili kupewa mtoto. Papo hapo unaagiza kwamba kila mtoto achezeshwe peke yake kwa dakika 15 hadi 30 kila siku, mbali na michezo ya pamoja na wenzake. Unataka afundishwe nyimbo za kwao na michezo ya vidole vya mikono na miguu, achekeshwe, na ahimizwe kutamka. Kumbe lile alilolifanya Dani na kukatazwa lilikuwa limeandikwa zamani katika kitabu cha madaktari, ingawa kwa ajili ya maradhi mengine!

Agizo hilo halikuokotwa njiani. Huko Kingston, Jamaica, Profesa Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachezesha kila siku watoto waliolazwa kwa utapiamlo mkali, kisha wakaendelea kuwatembelea nyumbani kwa miaka mitatu, wakiwaonyesha mama zao namna ya kucheza nao kwa vitu vilivyotengenezwa kwa makopo na vitambaa. Watoto hao walifuatiliwa kwa miaka 14. Walipopimwa, waliochezeshwa waliwazidi kiakili wale waliotibiwa ugonjwa huo huo bila kuchezeshwa.

Karibu na kwetu, watafiti wa Kilifi waliwapima, katika miaka ya 2000, watoto walionusurika malaria kali miaka kadhaa nyuma. Waligundua kwamba baadhi yao, ambao kila mtu aliwahesabu kuwa wamepona, walikuwa na kasoro za lugha kwa kiwango kisichoonekana miongoni mwa wenzao ambao hawakuugua hivyo. Sisi wa Migori na Homa Bay tunaishi katika ukanda wa ziwa ambako malaria haitoki mwaka mzima. Ni wangapi, basi, miongoni mwa watoto wetu, ambao walirudi nyumbani wakiwa na miguu na mikono yao yote, lakini maneno yao wakayaacha hospitalini?

Kuna sababu ya kuamini kwamba wimbo unaweza kuwa ngazi ya kulirudia neno. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Boston, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm, walieleza njia ya kuwasaidia watu wazima waliopoteza usemi kwa kudhurika ubongo: waimbe maneno kwanza, ndipo wayaseme. Ilikuwa imejulikana tangu zamani kwamba mtu asiyeweza kuomba maji ya kunywa huweza kuimba wimbo wa utotoni. Mwaka 2013 Joanne Loewy na wenzake walichapisha utafiti uliohusu watoto 272 waliozaliwa kabla ya wakati, katika hospitali 11 za Marekani. Kuimbiwa ana kwa ana na kusikizishwa sauti za upole kuliwaletea nafuu katika mapigo ya moyo na katika kunyonya. Nyimbo zilizoimbwa humo zilikuwa zile ambazo wazazi wenyewe walizichagua, na wazazi hao nao walipungukiwa na wasiwasi.

Nisieleweke vibaya. Wimbo hauui vijidudu vya malaria, na mchezo haujazi damu mwilini mwa mtoto mwenye selimundu. Atakayemwacha mtoto wake nyumbani akimpigia nyatiti badala ya kumkimbiza hospitalini atakuwa amemuua. Aidha, tiba ya muziki ni taaluma yenye wataalamu wake. Huko Michigan, Marekani, ilianza kufundishwa chuoni mwaka 1944, na si kila anayejua kuimba ni tabibu. Ninachodai ni kidogo zaidi, na kwa hivyo ni vigumu zaidi kukikataa: mtoto anapoendelea kupewa dawa, asinyimwe kile kinachomrudisha katika utoto wake.

Hebu tumfikirie mtoto wa selimundu, kwa kuwa eneo letu la ziwa linao wengi. Huyu halazwi mara moja akaisha. Hulazwa leo kwa maumivu ya mifupa, akarudi baada ya miezi michache kwa upungufu wa damu, na akarudi tena. Kila akiona koti jeupe hukumbuka sindano. Siku zake nyingi za utoto hupita wodini. Tukimwambia angoje apone ndipo acheze, tunamwambia asicheze kamwe.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatukumbusha jambo tulilolisahau. Kitenzi kucheza hutumika kwa mtoto na mpira wake, na pia kwa mzee na ngoma yake. Neno ngoma nalo ni chombo, ni wimbo na ni uchezaji; na huko Pwani lilikuwa uganga pia, kwa kuwa mgonjwa wa pepo alipigiwa ngoma mpaka akatulia. Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya nyanya ambamo watoto walikusanyika usiku kwa ngano na vitendawili. Simwombi mtu yeyote arudishe pepo wodini. Ninasema tu kwamba wazee wetu hawakujenga ukuta kati ya kutibiwa na kuimbiwa. Ukuta huo ulikuja pamoja na kitanda cha chuma.

Ajabu ni kwamba waliouleta wameubomoa zamani. Nchini Uingereza, hadi miaka ya 1950, wazazi waliruhusiwa kuwaona watoto wao waliolazwa kwa muda mfupi tu, na watoto walitakiwa wawe watulivu. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa kwa siku nane, na watu wakajionea kwamba kile kilichoitwa utulivu kilikuwa majonzi. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ilipendekeza kwamba wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao wakati wowote, na kwamba watoto wapewe nafasi ya kucheza na kusoma wakiwa hospitalini. Wenyewe wakaiacha sheria ya kimya. Sisi tukaendelea kuitunza kama mali ya urithi.

Hatuna haja, hata hivyo, ya kwenda ng'ambo kutafuta mfano. Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, kituo cha watoto cha Sally Test kimewapa watoto waliolazwa mahali pa kuchezea, na watu waliofunzwa kuwachezesha na kuwaandaa kwa matibabu yanayowatisha. Jijini Nairobi, wasanii wa Sarakasi Trust wamepeleka muziki na michezo yao katika wodi za hospitali. Mambo haya, basi, yanawezekana humu nchini. Shida ni kwamba yamebaki katika miji mikubwa, nayo hutazamwa kama hisani ya wafadhili. Mtoto wa mkata miwa hajui njia ya kwenda Eldoret.

Sheria nayo haikutuacha gizani. Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 cha mkataba huo kinampa kila mtoto haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika sanaa. Hakikusema kila mtoto isipokuwa aliyelazwa.

Sasa nifikie pendekezo langu, ambalo ninalielekeza kwa serikali za kaunti za Migori na Homa Bay, na kwa walimu wenzangu. Katiba ya mwaka 2010 iliziweka mikononi mwa kaunti kazi mbili ambazo watu wachache wamezitazama kwa pamoja: hospitali za kaunti na elimu ya chekechea. Maana yake ni kwamba anayemlipa muuguzi wa wodi ya watoto ya Awendo ndiye anayemlipa mwalimu wa chekechea aliye ng'ambo ya barabara. Mwalimu huyo amefunzwa kuimba na watoto, kuwasimulia hadithi na kuwachezesha. Kuna kizuizi gani cha kumtuma wodini kwa saa mbili, mara tatu kwa wiki, na kuzihesabu saa hizo kuwa sehemu ya kazi yake? Haihitaji jengo jipya wala zabuni. Inahitaji mkeka, kona yenye mwanga, sanduku la vitu vya kuchezea, na barua moja ya kuidhinisha.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kelele. Hapana shaka wapo wagonjwa mahututi wanaohitaji utulivu, na daktari ndiye wa kusema ni nani asiyefaa kusumbuliwa. Lakini mchezo wa vidole hauna kelele kuliko gurudumu la mkokoteni wa dawa, na anayeweza kutembea anaweza kupelekwa chini ya mti. Ya pili ni maambukizi. Vitu vya kuchezea vichaguliwe vile vinavyooshwa kwa sabuni, na mwenye kifua au harara achezeshwe pekee kitandani pake. Ya tatu ni uchache wa wauguzi, na hii ndiyo hasa sababu ya kumleta mwalimu. Mtoto aliyetulizwa kwa wimbo anapodungwa sindano hahitaji watu watatu wa kumshika.

Wapo pia watakaosema kwamba wodi yao imekwisha kuwekewa runinga. Runinga inayopiga makelele ukutani kwa Kiingereza ambacho mtoto wa miaka mitatu kutoka kijijini hakisikii, haimngojei ajibu, wala haijui jina lake. Nguvu ya wimbo wa Dani ilikuwa katika kule kunyamaza na kungoja. Kwa sababu hiyo nasisitiza, kama mwanaisimu, kwamba wimbo uwe wa lugha ya mtoto mwenyewe. Katika eneo letu hiyo itakuwa Dholuo kwa wengi, Kikuria kwa wengine, na Kiswahili kwa watoto wa masokoni na wa mitaa ya wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Mwalimu asiyeijua lugha ya mtoto na amwombe mama aanzishe, yeye aitikie.

Wanafunzi nao wana nafasi yao. Mtaala wa umilisi umewafanya watoto wa shule na wazazi wao kutengeneza wanasesere, vigari na kayamba kwa magunzi, makopo na vifuniko vya chupa. Vikishatiwa alama, vingi huishia jalalani. Kwa nini vile vinavyofaa kuoshwa visipelekwe wodini? Shule zetu hutumia wiki nyingi kujiandaa kwa tamasha za muziki ili zipate kikombe. Zikitoa jioni mbili tu za muhula kwa watoto wagonjwa, hazitapungukiwa na sauti. Na wanafunzi wa ualimu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rongo kisicho mbali na Awendo, wangejifunza mengi kwa kukaa na mtoto mmoja kwa nusu saa kuliko kwa kusikiliza mihadhara yetu juu ya makuzi ya lugha. Ninaonya jambo moja tu: ziara ya kwaya ya watu arubaini siku ya Krismasi, ikifuatana na mpiga picha, si hili ninalolizungumzia. Mtoto anahitaji mtu yule yule, saa ile ile, wiki baada ya wiki.

Nimesema kwamba muuguzi alimnyamazisha Dani. Sikusema yaliyofuata. Kesho yake Dani alimbeba mjukuu wake mgongoni, akatoka naye nje, akaketi chini ya mwembe uliokuwa nyuma ya jengo, akaendelea pale alipoachia. Watoto wengine walitoka mmoja mmoja, wengine wakishikiliwa na mama zao. Siku ya nne ya mchezo huo mpwa wangu alilitaja jina la mamaye. Sidai kwamba ni wimbo uliomrudishia usemi. Ubongo wa mtoto hujiponya kwa njia nyingi, na yeye ni mtoto mmoja tu. Ninachokijua ni kwamba alikuwa na jambo la kusema, na mtu wa kumngojea alisemapo.

Lakini hadithi haiishii hapo, na sehemu iliyobaki inawahusu walimu moja kwa moja. Aliporudi shuleni, hakuna aliyemwambia mwalimu wake kwamba mtoto huyu ametoka katika malaria iliyomgusa ubongo. Karatasi ya kumruhusu kutoka hospitalini ilitaja vidonge na tarehe ya kurudi kliniki, lugha haikutajwa. Alipolitafuta neno asilipate, wenzake walimcheka. Alipochelewa kujibu, aliandikiwa katika ripoti kwamba ni mzito na hana bidii. Ulipita mwaka mzima kabla mama yake hajajua kwamba binti yake alikuwa akiadhibiwa kwa sababu ya ugonjwa aliokwisha kuruhusiwa nao kwenda nyumbani.

Ninawaomba walimu wenzangu mambo mawili ambayo hayahitaji idhini ya wizara. Mwanafunzi akirudi baada ya kulazwa, muulizeni mzazi aliugua nini na alipoteza fahamu kwa muda gani. Kisha, kabla ya kumwita mzito, mwimbieni, mchezesheni, mngojeeni amalizie. Kupona kwa mtoto hakukamiliki siku anapovuka lango la hospitali. Nusu ya pili hufanyika darasani, na hapo daktari ni ninyi.

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Hatumwulizi kama ana hamu nao, wala hatungoji apone ndipo tumpikie. Tunaukoroga, tunaupoza, tunamletea kitandani. Na tumfanyie vivyo hivyo kwa wimbo wa kwao.